Likizo ya wiki nzima nyumbani na watoto wawili, dada kaenda kwao. Nipeni mbinu (mrejesho kila siku)

KimaraKwaSasa (mleta uzi), Alhamisi saa 4 usiku

Wakuu, heri ya sikukuu.

Tupo Kimara. Mimi, mke wangu, wa kiume wa miaka minne na wa kike wa mwaka na nusu. Mwaka huu tumekataa kwenda Rombo. Mwaka jana tulikwenda: zaidi ya kilomita 500 kwenye basi, mkubwa akatapika kuanzia Msata mpaka Same, mdogo wakati huo ana miezi sita analia kama kafiwa. Kufika kule tukakaa siku nne, mbili kati ya hizo ni za kupumzika safari, halafu tukarudi na homa. Nikasema basi, mwaka huu likizo nyumbani. Mke wangu ni mwalimu, shule zimefungwa, na mimi nimechukua siku zangu mpaka tarehe 1. Nikampigia mama mkwe kumweleza. Akajibu, "Sawa baba." Wenye wakwe wa Kirombo mnajua "sawa baba" ya namna hiyo ina uzito gani.

Tarehe 23 dada wetu wa kazi akapanda basi kwenda kwao Singida. Nikaona hata vizuri, tutakaa kifamilia.

Sasa leo, Boxing Day. Jana usiku niliandika ratiba kwenye karatasi kabisa: kuchora, puto, mpira, hadithi, katuni. Watoto wameamka saa 11 na nusu alfajiri. Kufika saa 3 na dakika 20 ratiba ya wiki nzima imekwisha. Puto zimepasuka zote. Mkubwa amechora ukuta wa sebuleni. Mdogo amemwaga unga wa sembe na kukaa juu yake. Mke wangu ananiangalia tu, hasemi kitu.

Wenye uzoefu, wiki inaishaje hii?

Chapa Lapa

Yaani mtu yuko likizo, ana watoto wawili tu, analia mtandaoni. Sisi tulizaliwa tisa na mzee hakujua hata mlango wa jikoni ulipo. Waache na mama yao, nenda kaangalie mpira.

MamaPacha_Dom

Chapa Lapa, mama yako tulipomuuliza alisemaje?

Mleta uzi, pole. Kosa lako ni ratiba. Mtoto wa miaka minne kitu kimoja anakifanya dakika kumi, kumi na tano akipenda sana. Ukipanga vitu vitano umepanga saa moja. Siku ya mtoto inashikwa na chakula na usingizi, michezo inajazwa katikati. Anza na saa ya kulala mchana, uilinde kama mlango wa benki. Huyo wa mwaka na nusu anatakiwa alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku, na mchana imo humo. Akikosa ule wa mchana, jioni mtaujua.

Mzee wa Kashata

Nakaa hapa na kahawa yangu. Uzi huu utakuwa mtamu.

DadaZamani

Nimesoma mpaka mwisho nikacheka, maana nimefanya kazi za ndani miaka sita kabla sijaolewa, Tabata na Sinza. Sasa nina wangu watatu. Ngoja nikuambie siku ya dada wako ilivyo, maana naona hujawahi kuiona.

Uji unapikwa kabla hawajaamka. Usisubiri mtoto aseme njaa, akisema njaa umechelewa, hapo kinachofuata ni kilio. Wakishakunywa uji wanatoka nje kabla jua halijawa kali, Disemba hii ya Dar mwisho saa 4. Nje hawahitaji vitu vya kununua. Sufuria mbovu, kijiko, vifuniko vya soda, wapikepike. Mkubwa mtengenezee gari la chupa ya maji, magurudumu vifuniko, kamba mbele. Atalivuta mpaka jirani amkataze.

Saa 4 ndiyo saa ya fujo. Kila nyumba niliyofanya kazi, saa 4. Hapo unatoa tunda. Sasa hivi maembe yamejaa, mvue nguo kabisa, mpe embe akae barazani. Akimaliza anaoga, hiyo nusu saa imepita na umeshamwogesha. Halafu msosi wa mchana saa 6 na nusu, si saa 8 kama mnavyokula nyinyi watu wazima. Saa 7 wote kitandani. Usiwapishanishe, mmoja akilala saa 7 na mwingine saa 9 wewe huna mchana.

Jioni wanatoka tena. Na wakati wanalala mchana, huyo dada hajalala. Anafua.

Samahani kwa kuuliza: huko Singida alikokwenda, siku zake zinalipwa au mmekata?

KimaraKwaSasa

DadaZamani, asante sana, hii naichapa naibandika kwenye friji. Kuhusu swali lako, tulimpa nauli na ruhusa ya wiki moja. Mshahara wa Disemba tulimpa wa siku alizofanya.

DadaZamani

Haya. Ruhusa.

Wakili wa Mtaani

Nachomekea tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo na zinalipwa. Ni zilezile ulizochukua wewe mleta uzi. Walioachwa nje ya sheria ile ni wanajeshi, polisi, magereza na wa aina hiyo. Dada wa kazi hajaachwa nje. Kama ametimiza mwaka kwako, hiyo si ruhusa bali likizo.

Chapa Lapa

Uzi umeshahamia mahakamani.

KimaraKwaSasa, Ijumaa usiku

Mrejesho. Nimefuata ratiba ya DadaZamani neno kwa neno. Uji wa ulezi tayari saa 11 na nusu. Embe saa 4. Nilidhani anatania kuhusu kuvua nguo. Hatanii.

Kulala saa 7: mdogo dakika tano tu. Mkubwa amegoma mpaka saa 8 kasorobo, ameomba maji mara tatu na kwenda chooni mara mbili. Nikamwambia hadithi hadithi, akaitika hadithi njoo, nikaanza sungura na fisi. Fisi hajafika kisimani, mimi ndiye nimelala. Nimeamka mkubwa yuko jikoni amepanda kwenye stuli.

Gari la chupa limefanya kazi kuliko toy ya elfu 35 niliyonunua Kariakoo. Ile toy imekatika gurudumu siku ya Krismasi yenyewe.

Nesi_Mkorofi

Hapo pa stuli jikoni ndipo naingia mimi. Wiki hizi za sikukuu tunapokea watoto wa aina ileile kila mwaka, na wote walikuwa nyumbani, watu wazima wapo.

Kwanza ndoo. Mtoto wa mwaka na nusu kichwa chake kizito kuliko anavyodhani, akiinama kwenye ndoo yenye maji hata nusu hawezi kujitoa. Ndoo za akiba zifunikwe au ziwe bafuni na mlango umefungwa. Pili, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hata kama yako juu ya kabati, yaondoe kwenye chupa hiyo. Akiyanywa msimtapishe na msimpe maziwa, mleteni hospitali. Tatu, mpini wa sufuria uelekee ukutani, na jiko la mkaa lisiwe chini wanapopita.

Na muwe na ORS ndani na kipimajoto. Mtoto akiharisha, paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, mnampa kidogokidogo, na zinki siku 10 mpaka 14. Soda si ORS. Maji ya wali nayo siyo ORS, mama zangu, nimechoka.

Binti_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu Disemba watu wa bara ndio wanatujia, nyumba imejaa wageni, hivyo kukaa peke yenu kwangu ndiyo likizo wallahi.

Wanangu hawa nikiwa sina pesa huwapeleka feri. Watembea kwa miguu hawalipi, basi twapanda, twavuka mpaka kisiwani, twala mahamri, twarudi. Kwao ni safari ya meli. Wameenda mara mia na kila mara ni kama ya kwanza. Nyie hapo si mna feri ya Kigamboni?

KimaraKwaSasa, Jumamosi usiku

Leo tumetoka. Mke wangu alisema tukikaa ndani siku ya tatu atarudi Rombo peke yake kwa miguu.

Tumekwenda Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo. Kipo tangu 1966 na mimi nimekaa Dar miaka 14 sijawahi kuingia, napita tu na daladala. Kwa wasiojua, ni eneo lenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, za ukubwa wake kamili, unainama unaingia ndani. Kwa mtoto mdogo hapo ni peponi: milango ya kimo chake, vyumba vya giza, chini mchanga, hakuna gari. Mkubwa aliingia msonge wa Wahaya akakataa kutoka. Akasema anahamia.

Mke wangu akampeleka kwenye nyumba ya Wachaga, akamwonyesha zamani watu na ng'ombe walivyolala chini ya paa moja. Mtoto akauliza, "Bibi wa Rombo alilala na ng'ombe?" Nikarekodi swali hilo nikamtumia mama mkwe. Kwa mara ya kwanza tangu "sawa baba", amepiga simu mwenyewe. Amecheka, kisha ameongea na mjukuu dakika ishirini kuhusu ng'ombe aliyekuwa anaitwa Sikujua. Sijaambiwa nimesamehewa, lakini ametuma ndizi na basi la kesho.

Ushauri kwa watakaokwenda: fikeni asubuhi, bebeni maji, na mtoto mdogo mumbebe kwa kanga, kigari cha kusukuma hakitawasaidia kwenye mchanga. Saa 5 na nusu sisi tulikuwa tumeshageuza kurudi ili kuwahi usingizi wa saa 7. Mdogo alilala kwenye daladala kabla ya Ubungo, kwa hiyo ule usingizi ukaharibika. MamaPacha, jioni nimeujua.

MamaPacha_Dom

Nilikwambia.

Ukitaka kutoka naye bila kuua usingizi, mzungushe dirishani, mwimbie, mpe kitu cha kutafuna, fanya lolote. Dakika kumi za daladala zinamtosha kuona amelala.

Mwana Msamvu

Mkuu, na SGR? Tangu treni ianze 2024 watu wa Dar wanakuja kwetu Morogoro asubuhi na kurudi jioni. Daraja la kawaida 13,000 kwenda, mtoto wa miaka 4 nusu nauli, mdogo bure. Mnapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, mnashuka mnakula kuku, mnarudi.

KimaraKwaSasa

Mkubwa anajua neno "mchongoko" (ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka) kabla ya kujua jina langu kamili. Nimeingia kwenye mfumo leo, treni za saa ninazoweza zimejaa. Kosa ni langu, nani anatafuta tiketi ya tarehe 30 Disemba tarehe 28.

KimaraKwaSasa, Jumapili usiku

Leo siandiki sana. Mvua asubuhi, umeme umekatika saa 3 mpaka saa 11, kwa hiyo hata katuni hakuna. Mdogo amepata joto jioni, 38.6. Tumempa paracetamol.

Na tumegombana. Mke wangu kaniambia kitu kimoja: "Wewe unawasaidia watoto wakati mimi niko nao. Mimi sijawahi kuwa sipo." Sikuelewa mara moja. Ni kweli nilikuwa naogesha, nalisha, nacheza nao. Lakini kila baada ya dakika kumi nauliza: soksi ziko wapi, hii dawa ni ya nani, anakunywa kikombe kipi. Kwa hiyo hata akikaa, hajakaa.

Nesi_Mkorofi

Joto likiendelea mpaka asubuhi mpelekeni akapimwe. Msimpe dawa ya malaria bila kipimo, kile cha kutoboa kidole majibu yanatoka ndani ya dakika ishirini hivi. Paracetamol ni kwa uzito wake, si kwa umri. Akikataa kunyonya au kunywa, akilegea au akishtukashtuka, usiku huohuo. Msisubiri kupambazuke.

BabaT_Minneapolis

Niko Marekani huu mwaka wa tisa, mimi na mke wangu wote tunahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Huku hakuna dada, hakuna shangazi, na hakuna sheria ya nchi inayomlazimisha mwajiri akulipe likizo ya mwaka. Theluji ikiziba barabara ni nyinyi na watoto ndani ya kuta nne, nje hasi 15.

Kilichotuokoa ni zamu, kama kazini kabisa. Mmoja akiwa zamu, mwingine hayupo. Hata kama yuko chumba cha pili, hayupo. Huruhusiwi kumuuliza chochote isipokuwa damu au moto. Na kabla ya kupokea zamu kuna makabidhiano: kala nini, saa ngapi, dawa gani, kajisaidia lini, nguo ziko wapi. Dakika tano. Ukishapokea umepokea. Anzeni na saa tatu tatu. Mara ya kwanza mwenye kupumzika atoke nje ya nyumba, la sivyo watoto watamfuata mpaka mlangoni pa choo.

Chapa Lapa

Makabidhiano. Na sare mnavaa?

BabaT_Minneapolis

Mke wangu hucheka na mimi kila jioni. Wako anacheka na nani?

Mzee wa Kashata

Kahawa imenipalia.

KimaraKwaSasa, Jumatatu usiku

Mtoto kwanza: tumempeleka asubuhi, malaria hakuna, ni mafua. Joto limeshuka mchana. Nesi, asante, Mungu akubariki na ukorofi wako.

Zamu. Tulikabidhiana saa 8 mezani, mke wangu na daftari lake la shule, mimi na kalamu. Jamani, sikujua kuna vitu vingi hivyo. Kwamba mdogo hanywi maji kwenye kikombe cha bluu. Kwamba mkubwa akisema "tumbo linauma" saa 10 maana yake haja kubwa, si tumbo. Kwamba lile shati la njano linamwasha shingoni. Vyote hivyo viko kichwani mwa watu wawili: mke wangu na dada aliyeko Singida. Dada anajua vingi zaidi.

Mke wangu aliondoka saa 8 akarudi saa 11. Nikamuuliza umekwenda wapi. Saluni ya jirani, amelala kwenye kiti cha kuoshea nywele, hakusuka chochote.

Saa tatu zangu: nilitaka kumpigia mara nne. Mara ya nne nilishika simu kabisa. Mdogo alikuwa anaita "Ida, Ida" na kulia, hilo ndilo jina analomwita dada. Nimembeba nimezunguka naye uani mpaka mkono umekufa ganzi.

DadaZamani

Watoto wa Sinza nilikotoka, wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Nilipoondoka sikuambiwa nimuage, walisema atalia. Sasa ni kijana mkubwa, sijui kama ananikumbuka.

Mpigieni dada simu, mtoto amsikie sauti.

KimaraKwaSasa, Jumanne usiku

Binti_Likoni, leo tumekuiga. Mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, ukishuka feri hiyo hapo. Nauli ya mguu shilingi mia mbili. Tumevuka Kigamboni, tumekula mihogo na pweza wa kukaanga (mkubwa kakataa pweza, anasema ana macho), tumerudi. Feri ilipopiga honi mdogo alishtuka, halafu akaanza kuiga. Anaiga mpaka sasa ninavyoandika, na kesho ni mwaka mpya, majirani wataelewa.

Yaani kwenye elfu kumi imebaki chenji.

Usingizi wa saa 7 tumeuokoa kwa mbinu ya dirishani. Mke wangu ameimba ukuti ukuti kuanzia Fire mpaka Ubungo. Abiria wa nyuma wakaitikia.

Na tumempigia dada. Mdogo aliposikia sauti akaanza kuibusu simu. Dada akawa analia huko. Nimemwambia siku zake hizi ni likizo na zinalipwa, nimemtumia ile niliyokata. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Baba, kuna kosa nimefanya?"

Wakili wa Mtaani

Uliza vizuri ana miezi mingapi kwenu, umwandikie na mkataba.

Binti_Likoni

Hilo swali la dada limenikata maini.

KimaraKwaSasa, Alhamisi tarehe 2, saa 1 asubuhi

Mwaka mpya tumekesha mpaka saa 3 usiku, wote wanne tukalala. Fataki tulizisikia ndotoni.

Naandika nikiwa kituoni, nasubiri mwendokasi kwenda kazini. Dada alipiga jana jioni. Bibi yake anaumwa, anaomba abaki mpaka tarehe 10. Nimemwambia sawa, likizo yake ni siku 28, ametumia kumi tu.

Chapa Lapa

Huyo harudi.

DadaZamani

Atarudi. Ameomba. Asiyerudi haombi.

Mzee wa Kashata

Mimi nina swali dogo. Wewe uko kituoni. Mama mwalimu shule ikifunguliwa anaingia. Dada mpaka tarehe 10. Watoto wanabaki na nani?

KimaraKwaSasa

Mama mkwe yuko njiani na basi la alfajiri. Amesema sisi tukishindwa kwenda Rombo, Rombo itakuja.

MamaPacha, naomba unisaidie haraka: makabidhiano na mama mkwe yanafanywaje?